Darasa Lililoacha Kukisia

Mwalimu mmoja alikuwa na watoto arobaini na sita wa darasa la sita, ubao wenye ufa, na kopo la punje za mahindi. Jina lake Foibe Sanga. Alifundisha hisabati katika shule ya msingi iliyo juu ya mteremko wa mashamba ya viazi, huko kwetu kwenye miinuko ya kusini, ambako ukungu hukaa madarasani hadi saa nne asubuhi na watoto huandika huku wakipuliza vidole.

Nawasimulia habari zake, walimu wenzangu, kwa sababu nilikuwapo. Nilikuwa mratibu elimu wa kata ile kwa miaka tisa, na katika habari hii nina sehemu yangu ambayo sijivunii.

Foibe alikuwa na desturi moja. Kabla mtoto hajashika kalamu, alimtaka akisie. Akiuliza magunia manane yenye debe sita kila moja yana debe ngapi, watoto walitoa makisio yao kwanza. Huyu alisema hamsini, yule arobaini, na mmoja akasema mia. Darasa lilicheka, naye wa mia ilimbidi ajieleze amefikaje huko. Ndipo wakapanga punje, ndipo wakaandika. Ilikuwa kazi ya polepole. Mimi nilikaa nyuma na fomu yangu ya ukaguzi nikiona dakika zinapita, na mara nyingine nilimwambia aongeze mwendo.

Mwaka mmoja, watu waliosoma shule ile zamani, ambao sasa wanaishi mijini, walichangishana wakaleta vishikwambi ishirini na vitatu, kimoja kwa kila watoto wawili, pamoja na sola ya kuvichaji. Ndani yake mlikuwa na maswali ya kila mada. Mtoto aligusa jibu. Likiwa sahihi, kioo kiligeuka kijani. Likiwa si sahihi, kiligeuka chekundu, naye akagusa jingine mpaka kijani kikaja. Mwisho wa kipindi, alama za darasa zima zilijipanga zenyewe kwenye kishikwambi cha mwalimu.

Foibe alivipokea kwa mikono miwili, na sababu sitaificha. Alikuwa amechoka. Alikuwa na vipindi thelathini kwa wiki na madaftari ya kusahihisha yaliyomfuata hadi nyumbani, akayasahihisha huku anapika. Aliyewahi kubeba mzigo huo asimcheke. Vishikwambi vilipokuja, alikaa kwenye kiti chake wakati wa kipindi kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Watoto walikuwa kimya, vichwa vimeinama, vidole vinagusa. Aliacha kuwauliza makisio, kwa kuwa vifaa havikungoja makisio. Aliacha kupita kati ya madawati, kwa kuwa alama zilimjia mezani.

Alama zikapanda. Nilikaa nyuma ya darasa lile nikaona utulivu na mwanga kwenye nyuso za watoto, nikaandika ripoti nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilileta walimu wa shule nyingine waje wajifunze kwake. Nilimsifu mbele yao. Sikumwuliza mtoto hata mmoja swali lolote kwa mdomo wangu.

Aliyeongoza darasa alikuwa msichana, Leutrida Mlowe. Jina lake lilikaa juu ya orodha wiki baada ya wiki. Baba yake, Zakayo, alikuwa mkulima wa viazi asiye na maneno mengi, ambaye shule aliiachia darasa la tatu. Alama za binti yake alizifahamu kwa kichwa, na mtu akimsalimia barabarani, hazikuchukua muda kutajwa.

Masika ya mwaka ule yalikuja na ugonjwa wa baka. Ninyi wa huku chini labda hamuujui. Majani ya viazi hupata madoa meusi, na mvua isipokatika, shamba zima huoza ndani ya wiki mbili. Zakayo alikwenda dukani akanunua dawa. Ile aliyoizoea, ya kupima kwa kijiko, ilikuwa imekwisha. Akauziwa nyingine ya unga, pakiti tatu za nusu kilo, akaambiwa zitamtosha msimu mzima. Maelekezo yalisema gramu mbili nukta tano kwa kila lita moja ya maji. Bomba lake la mgongoni lilikuwa la lita kumi na tano.

Hesabu hiyo alimpa binti yake, na hakuna mzazi ambaye asingefanya vile. Leutrida alichukua simu ya baba yake, akabonyeza, akasoma jibu. Gramu mia tatu sabini na tano kwa bomba moja.

Nukta haikuwa imeingia. Simu ilikuwa ya zamani, vitufe vyake vimelika, na simu huzidisha kile inachopewa.

Zakayo aliazima mizani ya jirani, akapima, akamimina. Aliona unga ni mwingi. Mkono wake wa miaka mingi ulimwambia kwamba unga ni mwingi. Akamgeukia binti yake.

"Una hakika?"

"Simu imesema, baba."

Akachanganya. Pakiti za msimu mzima ziliisha kwa mabomba manne. Siku ya tatu majani yalianza kujikunja pembeni. Siku ya sita shamba lote lilikuwa la kahawia, kama limepitiwa na moto. Viazi vilivyokuwa chini vilikuwa bado vidogo kama gololi. Ndivyo vilivyokuwa chakula cha nyumba ile, na ndivyo vilivyokuwa mbegu ya mwaka unaofuata.

Zakayo alikuja shuleni Jumatatu. Nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, nikamwona akipita dirishani, buti zake zina matope, ameshika shina moja la kiazi lililokauka. Hakuja ofisini. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa darasa la sita, akabisha hodi, akamwamkia mwalimu kama inavyopasa. Mimi na mwalimu mkuu tulimfuata, tukadhani atafanya fujo. Hakufanya fujo. Aliliweka lile shina juu ya meza, akaeleza kilichotokea kwa sauti ya chini, kuanzia dukani hadi siku ya sita, bila kumtazama binti yake, ambaye alikuwa amelaza uso kwenye dawati. Kisha akasema:

"Mwalimu, huyu ndiye wa kwanza katika darasa lako. Wa mwisho yukoje?"

Akaaga, akaondoka.

Foibe akafanya jambo ambalo mimi, kama angeniomba ushauri, ningemkataza. Aliwaambia watoto wafunike vishikwambi vyao. Akauliza: lita moja inataka gramu mbili na nusu, lita kumi na tano zinataka kama ngapi hivi? Bila kuandika. Kisia tu.

Niliona mikono ikisogea kuelekea vifaa vilivyofunikwa, kisha ikarudi. Akauliza tena. Mtoto mmoja akasema elfu moja. Mwingine akasema kumi. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha mimi, maana mwaka uliotangulia darasa hilohilo lingecheka.

Foibe alikusanya vishikwambi vyote ishirini na vitatu akavifungia kabatini. Ufunguo akautia kwenye mkoba wake. Alirudi kwenye ubao, kopo la punje likarudi mezani, naye akafundisha kwa ukali ambao watoto hawakuuzoea. Alikuwa na aibu, na aibu yake aliigeuza hasira, na hasira akaielekeza kwenye lile kabati. Wazazi waliposikia, wengi walifurahi.

Ilipita wiki mbili, ndipo alipofika dawati la Sekela Kaduma.

Sekela alikuwa mtoto ambaye miaka yote mitano walimu walimwita mzito. Hakuwa mtukutu. Alikaa, alitazama mbele, na daftari lake likabaki jeupe. Katika miezi ya vishikwambi alama zake zilipanda sana, lakini kwa kuwa za kila mtu zilipanda, hakuna aliyeuliza kwa nini. Sasa daftari lilikuwa jeupe tena. Foibe, akiwa bado na ukali wake, alimwuliza kwa nini hanakili yaliyo ubaoni.

Sekela alisema, "Mwalimu, kule mbele mimi huona weupe tu. Kwenye kishikwambi nilikuwa nayavuta maandishi yanakuwa makubwa."

Foibe aliniambia baadaye kwamba alipoyasikia maneno hayo alikaa kwenye dawati la mtoto. Miaka mitano. Naye alikuwa amemfundisha miwili kati ya hiyo. Kifaa kilikuwa kimefanya kwa siku moja kile ambacho shule nzima haikufanya, na yeye alikuwa amekifungia kabatini kwa sababu ya kosa ambalo lilikuwa lake. Kwanza alikuwa amekikabidhi kifaa darasa, kisha akalipiza kisasi kwa kifaa. Mara zote mbili hakuwa amewatazama watoto.

Kabla ya kutoka darasani siku ile aligeuza kalenda ya zamani iliyokuwa ukutani, akaandika upande wake mweupe. Hayakuwa maagizo ya wizara wala ya semina yoyote. Aliandika kwamba hatakifungua kifaa kabla hajajua kinakuja kumfanyia mtoto jambo gani ambalo yeye, ubao na punje hawaliwezi. Aliandika kwamba kichwa cha mtoto kitatangulia, na kifaa kitafuata. Aliandika kwamba anayekihitaji zaidi ndiye atakayekipata kwanza, na hatanyang'anywa. Mwisho, kwa kalamu nyingine, kana kwamba aliondoka akarudi, aliongeza kwamba siku zote yeye mwenyewe atakuwa amesimama katikati yao. Akaibandika kalenda ile pale ambapo watoto wangeisoma, ili wamshike akikosea.

Kisha akamwita Leutrida. Msichana yule hakuwa amenyoosha mkono tangu siku ile ya baba yake. Foibe alimwambia, "Ulikosa nukta moja. Mimi nilikosa kukufundisha kutokuamini jibu. Langu ni kubwa zaidi, na nitalisema mbele ya watu."

Akalisema. Mwezi wa tano kulikuwa na mkutano wa wazazi, na ulikuwa umegawanyika vipande viwili. Upande mmoja ulitaka vishikwambi virudishwe kwa waliovileta, kwa kuwa vimeharibu watoto. Upande wa pili, nikiwamo mimi na mwalimu mkuu, ulitaka vitumike kama zamani kila kipindi, kwa kuwa alama zilikuwa zimeanza kushuka na mtihani wa wilaya ulikuwa unakuja. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba lililotokea shambani lilitokea nyumbani, kwa simu ya mzazi, na shule haihusiki.

Foibe alisimama kabla yangu.

"Aliyelichoma shamba la Baba Leutrida si simu," alisema. "Ni mimi."

Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa kama mtu anayesoma, ingawa mbele yake hapakuwa na karatasi. Foibe akaeleza habari ya makisio, jinsi alivyoyaacha na kwa nini. Hakujitetea kwa uchovu. Akaeleza na habari ya Sekela, akasema kwamba vifaa havitarudishwa na wala havitatumika kama zamani. Vitafanya kazi yake vikihitajika, na vikiwa havihitajiki vitapumzika.

Zakayo alikuwa amekaa benchi la nyuma. Aliuliza, "Sasa utafanya nini, mwalimu?"

"Ukipanda tena, niruhusu niwalete watoto shambani kwako."

Zakayo akasema atapanda kiangazi, kinyungu kidogo, yaani kibustani cha bondeni penye unyevu, akipata mbegu. Hakusema ndiyo wala hapana. Foibe alilichukua hilo kuwa ndiyo, na wiki iliyofuata walimu wawili na majirani kadhaa, yeye akiwa wa kwanza, walipeleka nyumbani kwa Zakayo ndoo za viazi vya mbegu. Hazikujaa, lakini zilitosha kinyungu.

Miezi iliyofuata Foibe alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya. Makisio yalirudi, na mwanzoni yalikuwa ya kusikitisha, kisha yakawa ya kuchekesha, kisha yakaanza kukaribia. Mtoto alikisia, akapiga hesabu kwa mkono, ndipo akafungua kifaa kuhakiki, na vikipingana alitakiwa aseme nani kakosea na wapi. Kuna siku kifaa hakikufunguliwa kabisa. Kuna siku kilitumika kipindi kizima, kwa mfano walipofika kwenye maumbo, ambapo kioo kiliweza kuligeuza sanduku pande zote na ubao haukuweza. Sekela alikuwa na chake kila siku. Foibe aliipiga picha kila kazi aliyoandika ubaoni na kumtumia kabla hajawaambia wengine waanze. Alimpeleka pia hospitali ya wilaya. Miwani ilimsaidia kidogo tu, kwa hiyo kishikwambi kikabaki mkononi mwake.

Alama zilishuka, kisha zikasimama mahali pa kawaida. Nilimwita mara mbili. Nilimwambia kwamba wilayani wanauliza. Alisikiliza kwa heshima, akarudi darasani, akaendelea vilevile.

Mwezi wa nane wale waliochangia vifaa walituma watu wawili waje waone matunda ya mchango wao. Nilimpa Foibe taarifa wiki nzima kabla. Nilimwagiza kila mtoto awe dawatini na kifaa kimewashwa saa tatu kamili. Alinijibu kwamba siku hiyo ana kipindi cha vipimo. Nilidhani amekubali.

Tulipofika na wageni, darasa la sita lilikuwa tupu. Madawati yamepangwa, mlango wazi, hakuna mtu. Mwalimu mkuu akaonyesha bondeni kwa kidole. Tukashuka mteremko ule, wageni na viatu vyao vya mjini, mimi nikiwa mbele nimejaa ghadhabu, nikiyapanga maneno nitakayomwambia.

Watoto arobaini na sita walikuwa wamezunguka kinyungu cha Zakayo. Viazi vilikuwa vya kijani, vimefika magotini, na ukungu wa asubuhi ulikuwa bado haujaondoka vizuri. Palikuwa na bomba la mgongoni, ndoo ya maji, mizani, na pakiti moja ya dawa ileile. Zakayo alisimama kando, mikono nyuma.

"Vifaa viko wapi?" nilimwuliza Foibe, na sikujali kama wageni wanasikia.

"Vingi viko kabatini, mratibu. Viwili viko kazini."

Kimoja kilikuwa mkononi mwa Sekela. Alikuwa ameipiga picha pakiti ya dawa upande wa nyuma, pale penye maandishi madogo kama vumbi, akayakuza, na sasa alikuwa anayasoma kwa sauti. Usipulizie jua likiwa kali. Vaa glavu. Funika pua na mdomo. Usivune kabla ya siku saba kupita. Alisoma polepole, neno kwa neno, bila kukwama. Zakayo alimsogelea.

"Hayo yameandikwa hapo?"

"Ndiyo, baba. Yameandikwa. Ni madogo tu."

Zakayo alitazama mikono yake. Alikuwa amepulizia dawa miaka yote ile, za aina hii na ile, akiwa kifua wazi.

Kisha Foibe akamwita Leutrida katikati. Akamwuliza swali lile lile la masika. Gramu mbili na nusu kwa lita, bomba la lita kumi na tano. Kisia.

Leutrida alilitazama bomba. Baba yake alikuwa hatua nne kutoka kwake. Darasa zima lilijua. Wageni hawakujua, lakini walihisi kuna jambo, wakaacha kupangusa viatu vyao. Nilitazama saa yangu. Nilitaka mwalimu amsaidie, au amwite mwingine, au aseme lolote. Foibe hakumsaidia. Alisimama karibu naye akangoja, na sijawahi kumwona mtu akingoja kwa nguvu namna ile.

"Mbili mara kumi na tano ni thelathini," Leutrida alisema mwishowe, akitazama chini. "Tatu mara kumi na tano ni arobaini na tano. Itakuwa hapo katikati."

"Andika."

Akachuchumaa, akaandika kwa kijiti kwenye udongo, akapata thelathini na saba na nusu. Foibe akamwashiria mtoto anayekaa dawati moja na Leutrida, aliyekuwa na kishikwambi cha pili, ahakiki. Vidole vya mtoto yule vilikuwa na baridi. Akabonyeza, akasoma kwa sauti kubwa, kwa uhakika wote wa mtu anayesoma kwenye kioo:

"Mia tatu sabini na tano."

Niliona uso wa Zakayo ukibadilika. Nadhani na wangu ulibadilika.

"Hapana," alisema Leutrida. Alikuwa amesimama. "Hiyo haiwezekani. Rudia."

Mwenzake akarudia. Thelathini na saba nukta tano.

Zakayo alifunga leso puani, akavaa mifuko ya plastiki mikononi kwa kukosa glavu, akamwomba binti yake ampimie dawa. Ilikuwa kidogo, haijai hata kiganja. Akachanganya, akabeba bomba, akaingia kwenye mistari ya viazi. Alipomaliza mstari wa kwanza na kugeuka, alimwita Leutrida kwa jina, akamwambia akae upande ambao upepo hautamletea dawa.

Ningependa kuwaambia kwamba siku ile nilibadilika. Niliguswa, ni kweli, na wageni walirudi mjini wakisema wameona jambo ambalo hawakulitegemea. Lakini wiki mbili baadaye matokeo ya mtihani wa wilaya yalitoka, na shule ile ilikuwa ya kumi na moja, wakati kwenye mtihani uliotangulia, wa miezi ile ya vishikwambi, ilikuwa ya pili. Wakubwa wangu walinitaka nieleze. Nami, niliyesimama kwenye kinyungu kile na kusikia kwa masikio yangu, nilimwandikia Foibe barua ya onyo.

Alinijibu kwa maandishi, kama taratibu zinavyotaka. Jibu lake lilikuwa na sentensi mbili. "Nimeipokea barua yako. Ninaendelea."

Akaendelea. Mwaka uliofuata shule ilikuwa ya tisa. Mwaka wa tatu ilikuwa ya saba, na haikuwahi kurudi kuwa ya pili wakati wangu. Zakayo alivuna kinyungu chake, akapata mbegu, akapanda shamba la juu. Leutrida na Sekela wote wawili walifaulu kwenda sekondari, nao hawakuwa peke yao. Foibe hakupata cheti wala cheo. Barua yangu ya onyo bado imo kwenye jalada lake, maana nilistaafu bila kupata ujasiri wa kuandika ya kuifuta. Ndiyo sababu nimekubali kuja kusema mbele yenu. Nilikuwa nahesabu vioo vya kijani, naye alikuwa anahesabu watoto.

Leo mmegawiwa masanduku yenu ya vishikwambi, na kesho mtayafungua mbele ya madarasa yenu. Ni vifaa vizuri, na miongoni mwa watoto wenu wamo ambao vitawafungulia mlango, basi msiwanyime. Lakini nijibuni hili kabla hamjaondoka: siku kioo kitakapomwambia mtoto wako uongo kwa sauti ya kweli, na wewe haupo, atakuwa na nini ndani yake cha kukijibu?